Siku ya Mwaka Ndani ya Birika

Tangu dada yangu alipofariki, mamangu alikuwa na kazi moja kila alfajiri. Akishaswali, hujitanda buibui lake, hutwaa mkongojo, akashuka hadi kwenye tuta la udongo lililoziba hori la bahari nyuma ya nyumba yetu, kwenda kutazama kama lango la maji limefunguliwa. Kisha hurudi akaketi kibarazani, na mimi nikitoka kwenda kazini humkuta hapo, viatu vimejaa matope. "Bado," huniambia. Sikumwuliza bado nini. Nilijua, na kule kujua ndiko kulikonipandisha mori.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha sayansi. Nimewachorea watoto ubaoni mbu na yai lake na kiluwiluwi chake kwa miaka mingi hata naweza kumchora nimefumba macho. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani naota. Yaliyotokea kwenye hori lile naweza kuyaeleza yote, na nikishayaeleza bado sipiti pale jua likishatua.

Sisi asili yetu ni Mji wa Kale. Tulizaliwa kwenye nyumba ya kuta nene juu ya bahari, na babu alipokufa nyumba ikagawanywa mafungu, na mafungu yakagawanywa tena, hadi fungu letu likawa halitoshi kitanda. Baba naye alikwisha kutangulia mbele ya haki zamani. Basi tukahamia nyuma ya Tononoka, upande wa kushukia Makupa, mama na dada yangu na mimi, wanawake watatu. Kodi ya nyumba ilikuwa nafuu kwa sababu ya lile hori, na hatukukaa sana kabla ya kuelewa kwa nini.

Lilikuwa mkono mdogo wa bahari ulioingia baina ya nyumba, umejaa mikoko. Mingi ilikuwa michu, ile inayosimamisha vijiti vyake juu ya matope kila upande ili mizizi ipate pumzi. Maji yakipwa, matope yalikuwa na sauti zake: kaa wakigonga magando, mapovu yakipasuka, kitu kikichupa hapa na kikijificha pale. Jua likiinama wanatoka mbu. Mbu wa Mji wa Kale nawajua, wana haya kidogo, hungoja uzime taa. Hawa wa hori walianza kazi alasiri, na hawakubagua aliyeketi na aliye safarini.

Dada yangu alikuwa na pumu. Alikuwa mdogo wangu, fundi wa kudarizi kofia, mtu wa kuketi dirishani na sindano yake na kumtania kila apitaye, mkubwa kwa mdogo. Chandarua alikikataa, akisema ni kulala ndani ya mfuko. Lakini adui yake hasa ilikuwa dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya duara. Nikiwasha, mbu wanaondoka na kifua chake kinaanza kulia. Nikizima, kifua kinatulia na mbu wanarudi. Mama alikuwa na neno lake la kila magharibi, akilisema hata kabla sijashika kiberiti: "Usiwashe. Moshi wamsumbua mwenzio." Basi mimi hufunga madirisha yote tukakaa na joto, sisi watatu, tukijipepea na kugombana juu ya vitu visivyo na maana.

Ndipo wakaja watu wa kuzuia mbu. Bwana afya aliyetueleza, siku ile ya mkutano kwenye uwanja wa shule, alikuwa kijana wa bara, mpole, suruali imelowa hadi magotini kwa kuzunguka matopeni tangu asubuhi. Alisema mbu wa hori letu hatagi kwenye maji. Hutaga kwenye matope mabichi maji yakishapwa, na ndani ya matundu ya kaa, na wako ambao hutaga hata juu ya miguu ya kaa mwenyewe. Matope yakifunikwa na maji wakati wote, mbu hana pa kutaga. Watajenga tuta kwenye mdomo wa hori, waweke na lango la mbao. Maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita siku zote, yataingia, lango litafungwa, maji yatabaki ndani. Hakuna sumu, akasema, na hakuna moshi. Dada yangu akaninong'oneza, "Kumbe kaa ndio wakunga wao," akacheka hadi kikohozi kikamshika. Mama aliposikia neno moshi alikuwa wa kwanza kuinua mkono kukubali.

Na ilifaa. Sitaki kuwa mtovu wa shukrani. Baada ya muda si mrefu mbu walipungua hadi tukasahau kujipiga makofi. Dada yangu alifungua dirisha la chumba chake na kulala nalo wazi, upepo wa kusi ukiingia, na asubuhi alitoka na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tulipokuwa watoto. Mama hakuhitaji tena kusema neno lake la magharibi. Watu wakalipa bwawa lile jina la Birika, kwa kuwa lilikuwa limejaa na kutulia mithili ya birika la msikitini, na juu ya tuta pakawa njia nzuri ya kutembea jioni. Akaajiriwa mlinzi wa lango, mtu mzima kutoka bara aliyestaafu kazi ya reli, akajengewa kibanda cha mabati palepale.

Lakini wiki ya kwanza kaa walihama. Hilo silisahau. Matundu yao yalipofurika walipanda tuta, wakavuka njia, wakaingia majumbani. Tuliwakuta jikoni, tukawakuta chini ya vitanda, na mmoja alikuwa ndani ya kiatu cha mama. Hawakukimbia wala hawakujificha. Walisimama kwenye pembe za nyumba, magando juu, kana kwamba wameambiwa wangoje hapo. Dada yangu aliwafagia taratibu akiwaambia, "Poleni jamani, tumewafukuza kwenu." Halafu siku moja hawakuja tena, na hori likawa halina sauti.

Michu haikufa mara moja. Vijiti vyake vyote sasa vilikuwa chini ya maji. Majani yalipauka, yakageuka manjano, yakadondoka na kuelea mahali pale pale yalipodondokea. Watoto wa samaki waliozoea kuingia na maji ili kujificha baina ya mizizi walizunguka nje ya lango siku kadhaa, kisha wakaacha. Ndege yangeyange walikuja kwa wingi, wakala kilichobaki, nao wakaondoka. Mwisho ikabaki miti mitupu imesimama ndani ya maji ya rangi ya chai, na harufu ya mayai viza ikaanza kupanda mchana jua likiwa kali.

Jioni moja nilimweleza dada yangu pale dirishani kwake. Mti wa namna hii, nikamwambia, ukikosa hewa mizizini hufa, na maji haya hayashuki hata mara moja ukavuta pumzi. Nilikuwa nikisomesha tu, mazoea ya kazi. Yeye akautazama ule msitu kwa muda mrefu, kofia mkononi.

"Miye nimepata pumzi," akasema, "wao wakakosa."

Nilingoja acheke, maana ndiyo ilikuwa tabia yake. Hakucheka.

Sasa lazima nieleze Siku ya Mwaka, kwa sababu vijana wengi, hata wa Mombasa, hawaijui tena. Ni mwanzo wa mwaka wa kale wa watu wa pwani, nao huangukia wakati wa kusi. Wazee walikuwa wakienda kuoga baharini alfajiri ili mashaka ya mwaka uliokwisha yatoke na maji. Wako masheikh wasiopenda jambo hili, na mimi pia sikulipenda, kwa sababu zangu nyingine. Kwetu kulikuwa na nyongeza. Mama alichana kitambaa kwenye nguo kuukuu ya kila mtu wa nyumbani, akampangusa nacho kuanzia utosini hadi nyayoni, akakipiga fundo, akakiachia baharini maji yakiwa yanapwa. Zamani tulishuka ngazi za chini ya nyumba yetu ya Mji wa Kale tukakaa kungoja maji yageuke, tukisinzia, na bibi hakukubali mtu aachie kitambaa chake kabla. Yakienda, ndipo nawe umeuacha mwaka wako.

Birika lilipojengwa, wanawake wa mtaa wetu waliona wamepata raha. Maji yamejaa saa zote, hakuna kupima kupwa na kujaa, hakuna kuvuka matope, na tuta lenyewe linawasitiri na macho ya watu. Wakawa wanaogea mwaka palepale, na wale waliokuwa hawana desturi ya vitambaa wakajifunza kwa mama. Maji yalikuwa ya chumvi, yalitoka baharini, nani angefikiri zaidi ya hapo?

Mwaka ule mama alikuwa na goti limevimba, na Mji wa Kale aliuona mbali. Dada yangu alikuwa na kifua kibaya wiki nzima. Mama akachana kitambaa kwenye dera lake la zambarau, akamketisha kitandani, akampangusa. Nilikuwa mlangoni nimeshika mkoba wa shule. Alipofika mgongoni alipangusa, akarudia, akarudia tena, hadi dada yangu akasema, "Mama, utanichuna." Kisha mama akafunga fundo lake, akashuka na wenzake, akakiachia ndani ya Birika.

Dada yangu alifariki kabla mwaka ule haujafika nusu. Ilikuwa mchana, dirisha liko wazi, kofia iko mapajani imedariziwa upande mmoja. Hospitali walisema pumu. Sina ugomvi nao, ilikuwa pumu.

Ilikuwa ndani ya matanga. Wanawake wamejaa mikekani, mazungumzo yamepoa, mama ameegemea ukuta. Ghafla akainua uso.

"Jamani," akasema, "yale mai ya Birika hutoka saa ngapi?"

Nilimwona jirani yetu wa mlango wa pili akishusha kikombe cha kahawa chini, polepole. Niliona swali lile likitembea kutoka uso huu hadi ule, kila mmoja akikumbuka kitambaa chake, na aliowapangusa nacho.

"Hayatoki," mama akajijibu mwenyewe. "Nimempangusa mwanangu maradhi, nikayaweka nyuma ya nyumba."

Tangu siku hiyo wanawake wa mtaa wetu hawakupita tena juu ya tuta. Kila msiba, kila talaka, kila mume aliyeachishwa kazi bandarini akapatiwa sababu hiyo moja. Watoto wakakatazwa kwenda. Ikaanza kusemwa kuwa jioni kuna mtu anakohoa mle ndani. Darasani waliponiuliza niliwafundisha habari ya gesi: majani yakioza chini ya maji yasiyotembea hutoa gesi, gesi hupanda kwa mapovu, mapovu hupasuka. Somo zuri, nikawapa na zoezi. Jioni ile nikaenda mwenyewe kuhakikisha. Nilisimama juu ya tuta, miti mitupu mbele yangu, leso puani. Kulikuwa kimya. Halafu, chini ya maji, karibu na miguu yangu, ikaja sauti ya mtu anayevuta pumzi na pumzi haifiki. Ikaja mara ya pili. Nilijua ni gesi. Nilijua vizuri kabisa, na nilirudi nyumbani mbio, viatu mkononi.

Mama peke yake ndiye aliyeendelea kwenda. Mlinzi wa lango alikuwa akimtolea kigoda, akidhani amekuja kulalamikia harufu kama watu wengine. Asubuhi moja ya Jumamosi niliamua kumfuata ili nimrudishe, nikawakuta wanazungumza.

"Sabalkheri, bwana," mama akamwambia.

"Sabalkheri, mama. Umeamkaje?"

"Alhamdulillahi. Yeo wafungua?"

"Ufunguo ninao, mama, ila amri sina. Nikifungua mbu watarudi, watoto wa watu waugue. Nitaulizwa mimi."

"Watoto wa watu siwaombei wagonjwe," mama akasema. "Miye nna mwanangu mumo ndani. Nataka atoke."

Yule bwana alisimama wima, akayatazama maji, kisha akanigeukia mimi, uso umembadilika. Alifikiri kuna mtoto aliyezama. Ikabidi nimweleze habari ya kitambaa, na niliieleza kwa ukali, nikitaka aone upuuzi wake ili tuwe wawili dhidi ya mama. Hakucheka. Alivua kofia yake ya sufu na kuishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "mimi hulala hapa. Sisemi kitu."

Njiani tulikosana, mama na mimi. Nilimwambia, "Mama, kile ni kitambaa tu."

"Nayua ni kitambaa."

"Kitambaa hakimshiki mtu."

"Nani amekwambia kimemshika mtu? Nimesema hakijatoka."

Nikamwambia anajitia wazimu na ananitia na mimi, na kwamba dada yangu amezikwa kaburini na si kwenye bwawa la maji machafu. Akaendelea kutembea, mkongojo wake ukichoma udongo. Nilikuwa na huzuni na nikaifanya hasira, kwa kuwa hasira naiweza. Usiku ule nilimsikia kupitia ukutani akiomba dua, na katika dua yake hakuniombea mabaya, aliniombea nielewe.

Lango halikufunguliwa kwa ajili yake. Lilifunguliwa kwa sababu mbu walirudi wenyewe. Hawakuwa wale wa matope, walikuwa wengine, wale wa maji machafu, kwani mifereji ya nyumba ilikuwa ikimwagia Birikani na uchafu haukuwa na pa kutokea. Tukaitwa mkutano mwingine. Watu wa misitu wakasema mikoko imekufa kwa kukosa hewa. Watu wa uvuvi wakasema samaki wadogo hawana tena pa kukulia. Bwana afya wetu, yule yule mpole, hakubishana nao. Alisema maji yakifungwa moja kwa moja ndiyo huwa hivi, na kwamba dawa yake ni kuliacha lango wazi sehemu kubwa ya mwaka, maji yaingie na kutoka, na kulifunga tu katika msimu ule ambao mbu wa matope huzidi. Shauri likakatwa hivyo. Nilisema maneno makali sana siku ile, sikumbuki hata nilikuwa nikimwambia nani. Mama alingoja hadi mwisho, kisha akauliza lango litafunguliwa siku gani.

Walifungua asubuhi ya bamvua, maji ya nje yakiwa yameanza kupwa. Mlinzi aling'oa mbao moja baada ya nyingine, na maji yakatoka meusi yenye povu, kwa harufu iliyowafanya wanaume wazima wageuze shingo. Mama alisimama juu ya tuta akiniegemea kwa uzito wake wote. Birika likashuka. Vijiti vya michu vikaanza kutokeza, kimoja hapa, kimoja pale, kisha vyote, vimeoza na kulegea. Na kwenye vijiti vilikuwako vitambaa.

Havikwenda. Maji yalipokimbia viliachwa nyuma, vimenaswa. Vya pamba vilikuwa vimeliwa, yamebaki mapindo na fundo. Vya nailoni vilikuwa vizima. Vilikuwa vitambaa vya mtaa mzima, huku na huku hadi ndani kabisa ya msitu. Wanawake waliokuja kutazama waliguna, wakarudi nyuma hatua chache, wengine wakashika vichwa.

Mama akanipa mkongojo wake akaanza kushuka. Nikamshika mkono. "Mama, utazama."

"Basi ingia weye."

Nikavua viatu. Mwalimu wa sayansi, na umri huu, nikakunja gauni na kuingia matopeni hadi magotini, na ndoo ya mlinzi mkononi, nikiokota mashaka ya watu kwenye miti iliyokufa. Kila nilipovuta mguu matope yalitoa pumzi ile ile niliyoikimbia. Nilijiambia sitafuti chochote, naokota tu kinachokuja. Kisha nikakishika kimoja, cheusi kwa tope, nikaligusa fundo lake kwa kidole. Mama hutumia mkono wa kushoto, na fundo lake hulala upande ambao fundo la mtu mwingine halilali. Nililijua kabla ya kulitazama. Nikalia palepale, mbele ya watu wa afya na watu wa misitu na majirani zetu, kilio ambacho sikukilia siku ya maziko.

Mama hakutaka viachiwe pale langoni. Hori lile hakuliamini tena. Tukachukua tuktuk kwenda Mji wa Kale, ndoo iko baina ya miguu yetu, dereva ananung'unika harufu njia nzima. Sokoni Marikiti tulikwama baina ya mikokoteni na mahamali wenye magunia, na watu wakawa wanatugeukia.

"Kwani mumebeba nini, mama?" dereva akauliza.

"Mwaka," mama akamjibu.

Ngazi za chini ya nyumba yetu ya zamani zipo bado, ingawa nyumba ina wenyewe wengine na imepakwa rangi nisiyoipenda. Maji yalikuwa yanaendelea kupwa. Mama akaketi ngazi ya mwisho, akavitoa vitambaa kimoja kimoja, akakisuza kila kimoja, akakiachia. "Hiki cha mke wa fundi," alisema. "Hiki siyui cha nani, Mungu amuyua." Najua nailoni haifai kutupwa baharini, nami huwafundisha watoto hivyo. Siku ile nilinyamaza. Maji yalivichukua bila haraka, yakavipitisha kwenye mwamba, tukawa hatuvioni.

Kikabaki kimoja. Alikisuza kuliko vyote. Rangi ikaanza kurudi, zambarau yenye maua madogo meupe. Akalifungua fundo kwa kucha na kwa meno, akakitandaza gotini, akakilainisha kwa kiganja. Nguo nyingine za dada yangu tulikuwa tumezitoa sadaka, kama inavyotakiwa. Kitambaa kile ndicho kilichompitia mwili mzima, utosini hadi nyayoni, na mgongoni mara nyingi.

"Mama," nikamwambia, "maji yatageuka."

Maji yakatulia, yakageuka. Tulikaa pale hadi yakaanza kupanda ngazi, yakamlowesha miguu na pindo la buibui, naye bado amekishika.

"Twende nyumbani," akasema.

Sikubishana naye. Nilibeba ndoo tupu, yeye akakitia kitambaa kifuani, tukapanda ngazi.

Lango sasa hufunguliwa na kufungwa kwa misimu. Karibu na mdomo wa hori imeota michu michanga michache, mlinzi alinipeleka kuiona. Kaa wamerudi, nawasikia maji yakipwa. Mbu wa alasiri nao wamerudi, si kwa wingi wa zamani, lakini wamerudi. Wanawake wa mtaa wanapita tena juu ya tuta. Mama haendi, hana haja. Kitambaa kiko chini ya mto wake.

Jana jua lilipozama mbu walinishinda. Nikatoa dawa ya duara kwenye kasha lake, nikaiweka kwenye kisahani, nikatafuta kiberiti. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ameuelekea mlango wa chumba cha dada yangu. Hakugeuka.

"Usiwashe," akasema. "Moshi wamsumbua mwenzio."

Nikakirudisha kiberiti mahali pake. Nikafunga madirisha, nikachukua pepeo langu, tukakaa na joto, sisi watatu, tukijipepea.